Mtu wa Chini ya Shuka

Usinibinulie midomo. Kama hutaki kuamini, kaa na ubishi wako, ila usinikatize. Yaliyompata dada yangu mdogo, fundi cherehani, hayakutokea usiku wala makaburini. Yalitokea Jumapili mchana, jua linawaka, ndani ya saluni ya mumewe.

Mumewe alikuwa kinyozi. Siku ya mapumziko alishusha pazia, akatazama runinga na rafiki zake wawili, mwalimu na muuza miwani. Walikuwa wamepagawa na mtengeneza filamu mmoja wa mambo ya ndotoni, yule ambaye kwake mvua hunyesha ndani ya makabati na hakuna anayeuliza. Filamu zake walizijua nje ndani. Vipindi vyake vya runinga ndiyo usiseme. Kutazama hakukuwatosha. Raha yao ilikuwa kubishana vina maana gani.

Dada alikwenda kumwita mumewe akale. Akawakuta wamesimamisha picha: mtu ameketi kwenye kiti cha kinyozi, kafunikwa shuka jeupe gubigubi, nyuma yake pazia.

"Chakula kinapoa, baba watoto."

"Shemeji, kaa uelimike," mwalimu alisema. "Hiki ndicho kipindi chake cha mwisho. Mwenyewe alikataa katakata kusema nani yuko humo chini."

"Kama mwenye kazi kanyamaza, nyie mnawashwa nini?"

Walicheka. Mwalimu akakohoa kidogo, kama yuko darasani. "Mimi nasema huyu hana ulimi. Ndiyo maana hapigi kelele."

Kwenye picha, shuka likapata doa jekundu usawa wa mdomo. Mwalimu akajishika shingo. Ulimi wake ukamdondokea mapajani, mzima, kama kipande cha ini.

Dada akapiga yowe. Muuza miwani hata hakugeuka. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kioo cha runinga.

"Hoja nyepesi hiyo, Ticha. Ulimi anao. Asichokuwa nacho ni macho."

Madoa mawili zaidi. Miwani yake ikapasuka kwa ndani. Akaanguka kitako, akawa anapapasa sakafu, akitafuta macho ambayo tayari alikuwa ameyakalia.

Dada akachomoa waya wa runinga. Picha ikabaki. Akamrukia mumewe, akamvuta mkono. Kinyozi alikuwa ameona yote. Alikuwa kalowa damu ya rafiki zake. Lakini uso ulimng'aa, kama mtu aliyepata jibu.

"Nyamaza," dada alimnong'oneza. "Nakuomba. Una watoto. Usiseme kitu."

"Wote wamekosea, mke wangu."

Dada akamziba mdomo kwa kiganja. Mumewe akamng'ata. Alama zile za meno anazo mpaka leo, na hazijawahi kukauka.

Mkono ukateleza.

"Ni kichwa tu," kinyozi alisema polepole, kwa utamu. "Mwili hakuwahi kuwa nao. Aliuota."

Shati likaporomoka. Suruali ikafuata, tupu. Kichwa kikagonga sakafu, kikabingirika mpaka miguuni pa mkewe.

Shingoni hakukuwa na damu. Hata tone.

Kikamtazama.

"Sasa angalia," kikasema, "lile pazia la nyuma yake nalo lina maana..."

Dada hakulia. Alirudi kinyumenyume, akatoka, akafunga mlango kabla hakijamaliza.