Sahani ya Mwape

Kama kila jioni, Tabu alitandika mkeka, akaweka sinia la wali katikati. Mumewe Yahaya akanawa mikono. Mwape, mwanafunzi kutoka Zambia aliyekuwa amepanga chumba kwao siku ile ile, akajipakulia wali kidogo kwenye sahani, akainuka, akaenda kulia jikoni peke yake.

Tabu akamfuata kwa macho.

Kesho yake ikawa vile vile. Tabu akaanza kuchungulia. Binti alikuwa ameelekea ukutani, anakula harakaharaka. Hata akisemeshwa, hakumtazama mtu usoni. Anaogopa nini katika chakula changu? Tabu alijiuliza. Yahaya alimtania kwamba labda binti anayakimbia maneno yake mengi. Tabu hakucheka. Alisema anayeogopa sumu kwako leo, kesho atakutangaza mchawi mji mzima wa Tunduma. Akaamua Mwape ahame, ingawa mitihani ilikuwa karibu na mabweni ya chuo yamejaa.

Kabla ya kumwambia, alipita kwa jirani yake Enesi, mshauri wa wanafunzi wageni pale chuoni.

"Umemuuliza, dada Tabu?"

"Anayeficha jambo atasema?"

"Si kila anayenyamaza anaficha. Mgeni huja na adabu za kwao. Pengine anakuheshimu, wewe unaona dharau. Muulize kwa upole. Na wewe mweleze desturi za nyumba yako. Atazijuaje?"

Tabu aliondoka bado ana mashaka. Lakini jioni alimfuata Mwape jikoni, akavuta kigoda, akamuuliza polepole kwa nini hali nao.

Mwape alipiga magoti. Kwa Kiswahili cha kuokoteza akaeleza kwamba bibi yake alimlea hivyo: mtoto hali chombo kimoja na wakubwa bila kuitwa, wala hawakazii macho. Tabu naye akamweleza kwamba hapa anayejitenga na sinia huonekana amewakataa wenyeji.

Kisha Tabu akaibeba ile sahani hadi mkekani, akaumimina wali wake kwenye sinia. Yahaya akasogea kumpisha mgeni. Mwape alimega kwa woga, halafu akazoea.

"Mwanangu," Tabu akasema, "nilidhani unaniona mchawi."

Kwa mara ya kwanza Mwape aliinua uso, akamtazama.

"Mimi nilidhani hamnitaki, mama. Kila jioni nilikuwa nangoja mniite."