Kioo Kilichopumua

Kila asubuhi Mkunga alitoka nyumbani mapema. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alimpeleka binti yake shuleni, kisha akaenda zahanati kuzalisha. Binti huyo walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Gari lao lilikuwa la spoti, jekundu, la milango miwili. Lilikuwa la zamani, na lilikaa chini sana. Ukishuka, ni kama unainuka kutoka kwenye mkeka. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa baba yake Mkunga. Macho ya mzee yalipopungua nguvu, alimpa binti yake ufunguo. Lakini moyo wake ulibaki ndani ya gari.

Siku moja lori la kokoto liliwapita. Jiwe likaruka. Tak! Kioo cha mbele kikapata ufa mdogo, mfupi kama ukucha. Siku ya tatu ufa ulikuwa na urefu wa kiganja. Siku ya tano ulifika mbele ya macho ya dereva. Mkunga akawa anaendesha huku amekaza mabega.

Jioni ile walizungumza sebuleni.

"Gari hili halivai nguo ya kuazima," alisema mzee. "Litasubiri kioo orijino, kile cha kampuni iliyolitengeneza."

Mume wa Mkunga alikuwa fundi saa. Alikuwa mtu mpole, mwenye wasiwasi mwingi. "Baba, tutasubiri hadi lini? Nimeuliza maduka yote ya spea. Kioo orijino cha gari hili hakitengenezwi tena."

"Nitakitafuta kwa wavunja magari, wanaouza vipande vya magari mabovu."

"Na wakati unatafuta, mke wangu na mtoto wanapanda gari lenye ufa! Kioo ni kioo tu, baba. Tuweke chochote kinachoingia."

Wote wawili walikuwa wanaogopa. Lakini kila mmoja aliiona hofu ya mwenzake kuwa ukaidi.

Jumamosi, Fundi Saa alilipeleka gari kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Kioo kilikuwa kipya, cha bei nafuu. Fundi alikibandika kabla chai ya mteja wake haijapoa.

"Gundi ikauke kwanza?" aliuliza Fundi Saa.

"Endesha tu, kaka. Gundi yangu hukauka ukigeuza shingo!"

Jumatatu Mkunga aliingia garini na Kasuku. Kioo kiling'aa. Hakikuwa na ufa hata mmoja. Lakini walipofika barabara kuu, Mkunga alipepesa macho. Nguzo za umeme zilikuwa zinapinda. Alisogeza kichwa kidogo, nguzo zikacheza kama zimo majini. Mwendo ulipoongezeka, upepo ukaanza kupiga mluzi juu ya kichwa chake.

"Mama, nani anapiga mluzi?"

"Hakuna mtu. Kaa vizuri. Mkanda umefunga?"

"Nimefunga."

Walianza kuteremka mlima. Mbele, mwanamume mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni. Mkunga alimwona yuko mbali. Kufumba na kufumbua, mkokoteni ukawa mbele ya pua ya gari! Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yalilia. Gari likasimama, na kati yake na mkokoteni palibaki nafasi ya mkono mmoja.

"Dada!" mtu wa mkokoteni alipiga kelele. "Huoni?"

Kweli, Mkunga hakuwa ameona sawasawa. Alisogeza gari kando, akashuka, akaomba radhi. Aliporudi, aliufunga mlango kwa nguvu bila kukusudia.

"Mama," Kasuku alinong'ona. Siku zote hakuwa mtu wa kunong'ona. "Kioo kinapumua."

"Unasema nini?"

"Umefunga mlango, kikatoka nje kidogo. Halafu kikarudi."

Mkunga aliinua kidole, akaigusa kona ya juu kwa ndani. Kioo kilicheza. Kilicheza kama jino la utoto linalotaka kutoka. Je, kingemwangukia mwanawe mapajani pale mlimani?

Hakuendesha tena. Alimpigia simu jirani yao, Mama Vioo, fundi mwenye karakana ya vioo vya magari, ambaye Fundi Saa hakumuuliza kwa haraka zake. Mama Vioo alikuja na gari la kukokota.

"Shukuruni Mungu, shoga yangu," alisema. "Hamjaumia? Basi mengine yatarekebishwa."

Karakanani, alishika kioo kwa vidole viwili tu, kikaachia upande mzima. Mzee na Fundi Saa walikuwa wamefika. Fundi Saa alijishika kichwa.

"Mimi ndiye niliyewapandisha humo," alisema.

"Hukujua, shemeji. Njoo ujue sasa." Mama Vioo alionyesha pembe ya kioo. "Tafuta mhuri hapa. Huwa ni mdogo. Una jina la kiwanda na alama za usalama. Unauona?"

"Sioni kitu."

"Kwa sababu hakuna. Sasa tazama ukingo. Kioo cha mbele kinatakiwa kuwa tabaka mbili za kioo, na utando katikati. Kikipigwa, utando hushika vipande. Hiki ni tabaka moja tu. Kikipasuka, chote kinakuwa chenga mara moja. Dereva haoni mbele, na chenga zinamrukia."

Kasuku alirudi nyuma hatua mbili.

Mzee alikohoa. "Nilisema mimi. Orijino!" Alimfungulia Mama Vioo blanketi alilokuja nalo kwenye teksi. Ndani mlikuwa na kioo kutoka kwa wavunja magari. "Hiki ni chenyewe. Nembo ya kampuni hii hapa."

Mama Vioo alikipokea kwa heshima. Alikiinua kuelekea mwanga. "Ni orijino kweli, mzee wangu. Lakini njoo uone. Waipa zimekikwaruza miaka mingi. Jua likimpiga binti yako usoni, mikwaruzo hii itawaka yote, hataona barabara. Na hapa ukingoni kimemeguka walipokuwa wanakitoa. Ufa utaanzia hapo."

Mzee aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Basi gari langu limekufa."

"Halijafa, baba," alisema Mkunga.

"Halijafa hata kidogo," alisema Mama Vioo. "Orijino kipya kingepatikana, ningewaambia kichukueni, kwa sababu kinakaa bila ubishi. Kisipopatikana, kipo kioo cha kiwanda kingine. Viwanda hivyo havilingani. Kipo kinachofuata vipimo na kipo cha kulipua, kilichotengenezwa ovyo. Kazi yetu ni kuchagua."

Baada ya siku nne, alileta kioo kipya cha kiwanda kingine. Aliwapa wenyewe wakikague. Fundi Saa, mwenye macho ya kuona meno ya saa, alisoma mhuri, akaona utando ukingoni. Mzee alivaa miwani, akasimama nyuma ya kioo, akatazama fremu ya mlango huku akisogeza kichwa.

"Haipindi," alisema polepole. "Fremu imenyooka."

Mama Vioo alikiweka kwanza bila gundi, aone kama mkunjo wake unalingana na gari. Ulilingana. Kisha akasugua kutu kwenye fremu, akapaka dawa ya kuzuia kutu, akasubiri. "Gundi haishiki kutu," alisema. Mwisho akapaka gundi maalumu ya vioo vya gari.

"Niende nalo sasa?" aliuliza Mkunga.

"Wapi! Kopo limeandikwa muda wa kusubiri, nami naongeza. Litalala hapa mpaka kesho. Ukilichukua, acha dirisha wazi kidogo kwa siku mbili, na usibamize mlango. Hewa ikikosa pa kutokea, inasukuma kioo."

Siku ya kwanza, Mkunga aliendesha taratibu, vidole vimeganda kwenye usukani. Kila sauti ilimshtua. Alisikiliza mluzi, haukuja. Aligusa kona ya juu mara tatu. Ilikuwa imetulia kama ukuta. Siku ya pili aliigusa mara moja.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha njiani. Waipa zilikwenda na kurudi. Kasuku alisimulia habari za mwalimu wake kutoka nyumbani mpaka langoni mwa shule, bila kituo. Mkunga alicheka mpaka akasahau pa kukata kona.

Alipofika zahanati, simu iliita. Alikuwa mumewe.

"Mmefika? Na mvua yote hii! Kioo je?"

Mkunga alikuwa tayari anavaa koti lake jeupe. Mama mmoja alikuwa anamsubiri, uchungu umeanza.

"Kioo gani?" aliuliza.