Kinywaji cha Kodivaa

Ilikuwa wiki ya Maulidi, na soko la Kibiti lilikuwa halipitiki. Kila nyumba inataka pilau, kila mama anataka viungo, na muuza viungo amebakiwa na fungu moja tu la tangawizi. Juu ya fungu hilo ikatua mikono miwili kwa pamoja: mmoja wa kiume, mpana, una alama za kuungua, mwingine wa kike, umechorwa hina mpaka kwenye kifundo.

"Kaka, mkono wako," alisema mwenye hina.

"Na wako je, dada?"

"Wangu umetangulia."

"Basi uache hapo hapo. Mimi sina haraka."

Muuza viungo aliangua kicheko. Muzdalifa akauondoa mkono na kuuweka sawa mtandio wake wa zambarau, lakini alikuwa ameshamtazama: kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, macho kama ya mtu aliyeamka sasa hivi kutoka kwenye ndoto nzuri. Aliitwa Faraji, mpishi, aliyefanya kazi katika hoteli moja Dar es Salaam na sasa amerudi nyumbani. Tangawizi waligawana nusu kwa nusu. Namba za simu nazo wakapeana, jamani, bila hata kuombana.

Tangu siku hiyo Muzdalifa akawa yupo hayupo. Anachota maji, ndoo inafurika, yeye anatabasamu na bomba. Anaunga mchuzi, chumvi anatia mara mbili. Simu ikilia alasiri anakimbilia nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho, na huko dunia yote inakuwa sauti moja ya taratibu inayomwambia, "Muzda wangu, umeshindaje?"

Ramadhani ilipokaribia, wazee wa Faraji walipeleka posa. Baba yake Muzdalifa, Mzee Mwinyimvua, mkulima wa mpunga na muadhini wa msikiti wao, hakusema ndiyo wala hapana.

"Kwanza aje afuturu hapa," alisema. "Nimwone akiwa na njaa. Mtu hajifichi akiwa na njaa."

Mgeni haji mikono mitupu. Siku moja kabla, Faraji alituma mananasi na tangawizi ya kutengenezea kinywaji cha futari. Jikoni kwa wakwe mposaji haingii, kwa hiyo alipika kwa simu.

"Nanasi umeshamenya?"

"Nimemenya, maganda nimetupa."

"Yafuate! Yaoshe, uyaloweke pamoja. Harufu yote iko huko."

"Nimeposwa na mpishi au na muokota maganda?"

"Nilifundishwa na Bakari wa Kodivaa, tulipika naye jiko moja. Kwao kila nyumba wanakitengeneza. Tangawizi itwange mpaka ikulize."

"Imeshaniliza."

"Pole, kipenzi. Sasa karafuu chache na pilipili kichaa moja, usiipasue. Ukishaloweka, chuja kwa kitambaa safi, kamulia ndimu, tia majani ya nanaa."

"Na sukari?"

"Tia kidole chako, kitatosha."

"Faraji! Nimefunga mie!"

"Basi tia sukari," alisema akicheka. "Kisha kiache kilale. Kesho kitakuwa kimekolea."

Baada ya futari Muzdalifa alionja. Loo! Utamu wa nanasi ulitangulia, kisha tangawizi ikapanda taratibu mpaka masikioni. Umeme ulikuwa umekatika, friji kimya. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa umejaa. Mama yake, Bi Ashura, alikuwa Utete akimuuguza mdogo wake, lakini pembeni palikuwa na mtungi wake mwingine, mdomo umefungwa kitambaa. Muzdalifa akausuuza, akamimina humo kinywaji chake kipate ubaridi, akaenda kulala na furaha zake.

Kesho yake Faraji alikuja na kanzu ya rangi ya maziwa na kofia ya kushona kwa mkono. Adhana siku hiyo mzee alimwachia mwenzake; ilipolia, wakafungua kwa tende. Muzdalifa, akiwa nyuma ya pazia, aliona baba yake akinyanyua bilauri. Juu palikuwa na povu.

"Kinywaji cha nani hiki?"

"Cha mgeni, baba," alijibu kwa fahari.

Mzee alipiga funda moja. Kisha akalitema mkononi.

"Astaghfirullah! Hii imechacha, hii ni pombe! Mimi naadhini msikitini, wewe unaniletea pombe nifungulie saumu?"

Faraji naye alionja, na kweli, ilimchoma ulimi. Alitazama kwenye pazia. Angeweza kusema aliyepika ni nani. Hakusema.

"Nisamehe, mzee," alisema, akavaa viatu vyake na kutoka, tumboni ana tende moja tu.

Muzdalifa alimpigia huku akilia.

"Jana ilikuwa tamu! Wewe ndiye uliyesema ilale. Ulijua ikilala inakuwa pombe! Ndiyo mliyokuwa mkinywa hotelini?"

"Muzda, baba yako hanijui, ana haki ya kunidhania," alisema Faraji. "Lakini wewe?"

Simu ikakatwa. Siku zilizofuata hakupiga, na Muzdalifa, kwa kiburi cha kijinga, naye hakupiga. Alikonda. Alasiri zilikuja na kupita, mikorosho ikimsikiliza akilia peke yake. Posa bado ilikuwa haijajibiwa, lakini nani asiyejua jibu lingekuwa nini?

Mchana mmoja Bi Ashura akarudi kutoka Utete. Hajavua hata baibui, sauti yake ikasikika jikoni.

"Nani kauchezea mtungi wangu wa togwa?"

"Mimi, mama. Nilitilia juisi. Lakini niliuosha!"

"Uliusugua kwa mchanga?"

"Niliusuuza tu."

"Ule tangu nimeolewa hausuguliwi! Chachu inakaa humo humo, ndiyo maana nikitia uji leo, kesho ni togwa. Sasa nanasi na sukari mle ndani, na joto hili..." Bi Ashura alijishika kiuno. "Mtoto wewe, umempikia baba yako pombe!"

Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa uani, alisikia kila neno. Alikaa chini polepole.

"Nimemfukuza mtu mwenye saumu," alisema. "Hajatia hata tonge kinywani. Mpigie simu."

Faraji alipokea. Nyuma yake palisikika kelele za abiria.

"Niko bandarini Nyamisati. Nimepata kazi ya kupika Mbwera, kambi ya watu wanaopanda mikoko. Maji yakijaa tu, boti inaondoka."

"Usipande!"

"Kwa nini nisipande, Muzda?"

Muzdalifa alichomoka mbio na simu mkononi. Baba yake alikuwa tayari barabarani anasimamisha bodaboda, na hivyo ndivyo muadhini mzima alivyopakiwa mshikaki, dereva mbele, binti nyuma, mzee katikati ameshikilia kofia, vumbi mpaka kwenye ndevu.

Walimkuta Faraji gatini, begi begani, maji yameshafika kwenye boti.

"Mwanangu," alisema Mzee Mwinyimvua mbele ya watu wote, "nilikukosea. Wewe hukuwa na kosa. Posa yako nimeikubali, ukiwa bado unaitaka."

"Nashukuru, mzee." Faraji alimgeukia Muzdalifa. "Mwenyewe sijamsikia."

Muzdalifa alisogea mbele. "Ulijua ni mimi niliyepika, ukanyamaza. Mimi nikakudhania. Nisamehe, Faraji. Siku nyingine nitakuuliza kabla ya kukuhukumu. Nakupenda, na nimeridhia, kama utanitaka."

Abiria walipiga vigelegele. Faraji alijifuta macho kwa kiganja.

"Nimeahidi kazi, siwezi kuwatupa," alisema. "Idi nakuja, na wazee wangu."

Boti ikasukumwa. Haijafika hata kwenye mikoko, simu ya Muzdalifa ikalia. Alimwona pale pale kwenye boti, mkono sikioni.

"Sema tena."

"Nini?"

"Ulichosema mbele ya baba yako."

Muzdalifa alimpa baba yake mgongo, akaufunika mdomo kwa mtandio, akasema tena.