Jumapili za Mama

Kila alfajiri Lyse aliwasha jiko la mkaa, akapika uji, kisha akamsindikiza mama yake mpaka barabarani. Hapo waliachana. Mama yake, Capitoline, alishika njia ya kwenda kazini Ujiji, na Lyse alirudi chumbani kwao Kasingirima kujiandaa kwenda shule. Alikuwa darasa la tano.

Ilikuwa miaka ile ambayo wakimbizi kutoka Burundi waliingia Kigoma kila siku, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi. Lyse na mama yake walikuwa wametangulia. Walikaa kambini kwa muda, kisha wakaja mjini kutafuta maisha. Baba hawakujua yuko wapi. Kwa hiyo Mama alipopata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, alilia kwa furaha. Msimamizi wa pale, Dismasi, alimwambia aanze kesho yake, na kwamba Jumapili atapumzika kama wenzake. Mama hakuuliza zaidi. Aliona akiuliza sana ataonekana mkorofi.

Mwisho wa mwezi Mama alirudi nyumbani, akaketi kitandani bila kuvua kitambaa cha kichwani. Lyse alikuwa ameahidiwa sare mpya, kwa maana sketi yake ilikuwa imeshonwa hadi haishoneki tena. Mama akasema sare ingoje. Alipobembelezwa ndipo akaeleza. Alikuwa amepewa mshahara mdogo kuliko wa Honorata, mwanamke anayefua naye. Dismasi alikuwa amemkata malipo ya Jumapili zote, na alipouliza sababu, alijibiwa mbele ya watu.

"Mtu mpya hana Jumapili," Dismasi alisema. "Kama haikufai, tazama pale getini."

Getini hakukuwa na haja ya kutazama. Kila asubuhi walisimama wanawake waliovuka ziwa juzijuzi, wakiomba kibarua chochote.

Lyse alitaka waende kushtaki. Mama akatikisa kichwa. Washtaki kwa nani? Wakianza kuulizwa wametoka wapi na kwa nini hawako kambini, si watarudishwa huko, na shule iishie hapo? "Nyamaza, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi chao, kisha akalala akiwa ameelekea ukutani.

Tangu hapo Mama alikwenda kazini hata Jumapili, ili siku hiyo nayo ilipwe. Akaacha kanisa, akaacha kwaya, mahali pekee ambapo Lyse alikuwa akimsikia akicheka. Vidole vyake vilichubuka kwa sabuni. Alikonda. Lyse alimwona akiisha mbele ya macho yake, na hakuwa na la kufanya.

Kisha homa ikamwangusha. Siku ya kwanza alijaribu kuamka, akaanguka mlangoni. Lyse akamrudisha kitandani, akachukua khanga ya Mama, akaenda Ujiji badala yake. Dismasi alimtazama juu mpaka chini, akamwonyesha rundo la mashuka. Honorata alimsaidia kukamua, lakini hakuthubutu kumtetea. Naye alikuwa na watoto wa kulisha.

Wiki nzima ilipita hivyo. Mama alipopata nafuu kidogo na kurudi kazini akijikokota, Lyse alirudi shuleni. Mwalimu Restituta, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba, alimwuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa naumwa, Mwalimu."

Mwalimu akaiangalia mikono yake iliyochubuka. Hakumgombeza. Alimwambia tu akakae. Hilo ndilo lililomshinda Lyse. Saa ya mapumziko alirudi mezani kwa mwalimu na kueleza yote, tangu Jumapili zilizokatwa hadi mashuka. Alipomaliza, hofu ikamshika. Alijiona kama mtu aliyebomoa nyumba yao kwa mdomo wake mwenyewe. Akamwomba mwalimu asiende popote. Mwalimu Restituta akamjibu kwamba atakwenda, lakini Mama akikubali.

Jioni mwalimu alipofika Kasingirima, Mama alikataa. Mwalimu alikaa naye sana, akirudia kwamba yeye mwenyewe atatangulia kuingia kwa mwajiri. Mwishowe Mama akakubali.

Mwenye nyumba ya wageni aliitwa Mzee Mwinshehe. Aliwapokea wote watatu barazani. Mwalimu alimwamkia, akaeleza shida yao taratibu. Mzee akamwita Dismasi, akamwuliza kama alimwambia Capitoline, kabla hajaanza, kwamba Jumapili hazilipwi.

Dismasi alisema ndivyo wanavyowafanyia wafanyakazi wapya.

"Honorata alipoanza, ulimkata?"

Mzee hakungoja jibu, akamwita Honorata kutoka penye mabeseni. Mwanamke yule alikuja akifuta povu mikononi.

"Mimi nililipwa tangu wiki ya kwanza, Mzee," alisema. "Capitoline anafua kama mimi."

Mzee Mwinshehe hakupandisha sauti. Alisema mtu akifanya kazi wiki nzima, siku ya kupumzika ameshaitolea jasho, awe wa zamani au wa jana. Akaamuru Mama alipwe Jumapili zilizokatwa, apumzike mpaka apone, na mtoto asionekane tena penye beseni. Lyse alitazama kando. Hakujua kama acheke au alie. Mama, ambaye homa haijamwisha, alikuwa ameshika ukuta ili asianguke.

Njiani Mwalimu Restituta alimwambia Lyse kwamba uongo wake wa kuumwa ungewafungia mlango, kwa kuwa hakuna awezaye kusaidia jambo asilolijua. Akamwambia na Mama, kwa heshima, kwamba kabla ya kushika kazi mtu aulize: nitalipwa kiasi gani, nitapumzika lini, na siku ya kupumzika inalipwa? Kuuliza hivyo si ukorofi.

"Nilidhani mkimbizi hana haki ya kuuliza," Mama alisema.

"Anayo, mama. Na asipoiweza peke yake, atafute wa kwenda naye."

Jumapili iliyofuata Lyse aliamka mapema, akafua gauni la kanisani la Mama. Lakini Mama hakuamka. Alilala kengele ikilia, akalala watu wakitoka ibadani. Lyse alimsikia akikoroma taratibu, asimwamshe. Aliketi mlangoni, na kila jirani aliyekuja kubisha hodi alimwonyesha kwa kidole anyamaze.