Abiria wa Mzee Tongku

Siku beca, pikipiki ya abiria ya marehemu mzee Tongku, ilipokubali kuwaka, majirani walipiga makofi, mwanawe Maraden alicheka hadi machozi yakamtoka, na mkewe Derhana peke yake ndiye aliyeona kigari chake cha ubavuni kikiinama.

Kiliinama kidogo tu. Springi za chini zililia, kiti kikabonyea katikati, kisha kikatulia, kama anavyotulia mtu mzima akishaketi na kupanga miguu yake. Ndani hapakuwa na mtu.

"Baba Niari," aliita, "zima kwanza."

"Nizime? Mashine imelala tangu sijaoa, leo imeamka, niizime?" Maraden alivuta mafuta na injini ikanguruma hadi kuku wakakimbilia uvunguni. "Sikiliza sauti hiyo, mke wangu! Huyo ni simba!"

Mji mzima wa Siantar unajua mlio wa mashine hizo, pikipiki nzito za vita vya zamani ambazo wazee wa mji walizifungia kigari cha abiria ubavuni. Mzee Tongku aliendesha ya kwake ujana wake wote. Kisha siku moja ya mvua aliisukuma hadi chini ya paa la jikoni, akaifunika turubai, na hakuiwasha tena. Hakuiuza pia. Alitembea kwa miguu mpaka siku ya kufa kwake, na aliyemuuliza kwa nini alijibiwa kwamba kutembea ni afya.

Maraden alikuwa akiendesha beca ya mtu. Mwenyewe alipoichukua ampe mkwewe, Maraden akarudi nyumbani, akatazama turubai lile, akaliondoa. Mama yake, bibi Tiomina, aliweka chini mchi aliokuwa akitwangia kisamvu.

"Baba yako aliifunika kwa mikono yake," alisema. "Akaniambia, mwacheni alale."

"Alisema iacheni ilale, Mama. Ni pikipiki."

"Masikio yangu hayakuzeeka. Alisema mwacheni."

"Marehemu alisema mengi. Mimi nina mtoto anayekula."

Basi kazi ikaanza. Pistoni ilikuwa imeganda kwa kutu. Maraden akatoa plagi, akamimina mafuta ya taa na dizeli kwenye tundu lake, akayaacha yanywewe. Kila asubuhi aliingiza gia na kulitikisa gurudumu la nyuma, mbele, nyuma, hadi siku moja kitu ndani kikaachia kwa mlio kama wa jino linalong'oka. Tangi alilitia kokoto akalitikisa mpaka maji ya kutu yakaisha. Kabureta aliifungua juu ya gazeti, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo. Lakini magneto, kile kidude kinachotoa cheche, hakikuwapo. Mahali pake palikuwa pameshindiliwa kitambaa cheupe na kuzibwa kwa nta ya nyuki.

Derhana alikigusa kitambaa kile. Aliwahi kushona sanda za wafu wawili wa ukoo, alikijua.

"Hii ni sanda."

"Baba alikuwa anazuia panya," alisema Maraden, akakichokoa kwa bisibisi na kukitupa uani. Magneto nyingine aliipata kwa muuza vyuma vikuukuu nyuma ya soko. Alipoifunga na kupiga kiki, simba akanguruma, na kigari kikainama.

Abiria wa kwanza alikuwa mama mwenye kapu la samaki. Aliweka mguu mmoja kigarini, akaushusha.

"Samahani, mwanangu. Sikuona kama una mtu."

"Sina mtu, Mama. Panda."

Mama yule alimtazama Maraden, akakitazama kiti, akachukua kapu lake na kwenda kupanda beca nyingine. Siku ile ile mwanafunzi alipanda, akashuka kabla ya kona, analia kwamba amekaliwa miguu. Madereva wenzake wakapata la kusema. "Maraden, mke mdogo huyo unamzungusha mji mzima, hata kumshusha anywe kahawa hutaki?" Maraden akacheka nao. Lakini jioni Derhana alipofuta kiti, kitambaa kililowa maji, na mvua haikuwa imenyesha. Kilinuka majani yaliyooza na kuyu zilizoiva mno, harufu ya mahali penye kivuli ambapo jua halijawahi kufika.

Baada ya hapo Maraden akaanza kuchelewa. Alitoka alfajiri, akarudi jua likizama, amekonda uso, bila abiria hata mmoja, tangi kavu. Derhana alimwekea wali na samaki wa mto. Alikula matonge mawili, akanawa.

"Unakwenda wapi, Baba Niari?"

Alinong'ona, akiutazama mlango wa jikoni.

"Sijui. Ninapotaka kusimama, mguu haukanyagi breki. Nauona mguu wangu, nauamuru, haushuki. Halafu anasema, mbele. Bado, mbele. Wapi, hasemi."

"Nani?"

"Mwanamke. Mzee. Ananiita Tongku."

Kesho yake hakuiwasha. Alifunga gurudumu kwa mnyororo kwenye nguzo ya nyumba, akaketi barazani na binti yao Masniari mapajani, na siku ikapita vizuri hata bibi Tiomina akapika vibibi vya nazi. Ilipoadhiniwa magharibi, Derhana akiwa anaanua nguo, aliona kiki ya pikipiki ikishuka yenyewe, taratibu, kama inayokanyagwa na mguu mchovu, ikarudi juu, ikashuka tena, na mara ya tatu injini ikawaka, na Maraden akamweka mtoto sakafuni, akainuka na kwenda, si kwa kukimbia wala kwa kusita bali kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake, na Derhana akamkamata shati kwa mikono miwili na kumvuta kwa nguvu zake zote hadi shati likachanika mgongoni, naye akaendelea kwenda, akigeuza shingo kumtazama, macho yake yakimwomba asimwachie na miguu yake ikimwacha. Mnyororo ulikuwa umelala chini, umefunguka, na kufuli lake bado limefungwa.

Alirudi alfajiri akiisukuma kwa mikono, nyayo zimechubuka. Bibi Tiomina alikuwa amekwisha vaa.

"Namfuata Lobe Saripada," alisema.

Lobe Saripada alikuwa fundi saa sokoni, na baada ya sala ya alasiri alitibu waliokumbwa na majini. Mtu mwembamba, mtafuna karafuu. Alikuja na chupa ya maji ya kisomo, akaizunguka beca akisoma, akanyunyiza. Maji yalipodondoka kitini hayakutiririka. Yalinywewa.

"Umetoka wapi?" aliuliza Lobe. "Na unataka nini kwa watu hawa?"

Sauti ilitoka pale pale kitini, ndogo, kama maji yanayobubujika shingoni mwa mtungi.

"Tongku alinichukua. Mvua ilikuwa kubwa. Alisema, panda, Mama, utalowa bure, nitakurudisha kwako. Hajanirudisha."

Bibi Tiomina alijifunika uso kwa ncha ya kanga. "Huruma yake ndiyo hiyo," alinong'ona. "Alikuwa hampiti mtu kwenye mvua. Alipojua amembeba nani, akaogopa."

"Kwako ni wapi?" aliuliza Lobe.

"Kwenye chemchemi. Chini ya mkuyu. Njia ya Tanah Jawa."

Lobe akashusha pumzi, hata akatabasamu. "Basi kazi nyepesi. Mgeni anataka kwao, nasi tunataka aende. Ahadi ya baba ailipe mwana. Twendeni sasa hivi, kungali na mwanga."

"Nami nakwenda," alisema Derhana. "Simwachi tena peke yake."

Maraden alikalia tandiko. Lobe akawahi kupanda nyuma yake. Ikabaki nafasi moja tu.

"Kaa kigarini, binti yangu," alisema Lobe bila kumtazama. "Mimi lazima niwe karibu na dereva. Ni mambo ya utaalamu."

Kigari kile kilikuwa cha watu wawili. Derhana akapanda, akajibana ukingoni, na tangu mjini hadi mwisho wa lami alikaa bega kwa bega na kitu asichokiona, ubaridi ukimpenya nyongani kama mtu aliyeketi kwenye jiwe la mtoni, pindo la gauni lake likinywa maji kutoka upande ule na kupanda, vidole, kifundo, goti, na kila beca ilipokata kona kulia kitu kile kilimwegemea kwa uzito mwepesi wa mwanamke mzee aliyechoka na safari, kisha kikajirudisha kwa adabu kona ilipokwisha, na adabu ile ndiyo iliyomtisha kuliko yote, kwa sababu alihisi moyoni mwake, bila kutaka, kwamba kama si kuogopa angeliweza kumwonea huruma.

"Mbele," ilisema sauti sikioni mwake. "Bado kidogo." Kisha, kwa mara ya kwanza, ikatetemeka kwa furaha. "Hapa. Hapa, Tongku."

Mguu wa Maraden ukakanyaga breki.

Hapakuwa na mkuyu. Hapakuwa na chemchemi. Palikuwa na michikichi, mistari na mistari, imenyooka hadi macho yanapoishia, na katikati yake mtaro mkavu uliochimbwa kwa mashine. Alasiri ilikuwa nyeupe, bila ndege hata mmoja.

Springi zikainuka. Uzito ukashuka. Derhana aliona makuti makavu yakibonyea chini, moja, jingine, yakiacha alama za unyevu zilizoelekea kwenye mistari ile. Zikaenda hadi mtaroni, zikasimama. Zikarudi. Zikaingia mstari mwingine, zikatoka, zikaingia mwingine kwa haraka zaidi, na sasa wote watatu walisikia sauti ile ikiita majina. Hayakuwa majina ya watu. Yalikuwa marefu, ya majimaji, na kila moja liliitwa kwa namna anavyoita mama aliyeamka na kukuta vitanda vya wanawe vitupu. Iliita mbali, ikaita karibu, ikaita mpaka ikakauka.

"Washa," alinong'ona Derhana. "Baba Niari, washa twende, angali huko."

Maraden alipiga kiki. Akapiga tena. Mashine ilikuwa baridi kama haijawahi kuonja mafuta. Alama za unyevu zilirudi polepole juu ya makuti, zikapita mbele yao, na kigari kikainama. Hapo injini ikawaka kwa kiki moja.

Lobe Saripada alikuwa ameshashuka, amesimama barabarani, chupa yake tupu mkononi.

"Lobe, soma," alisema Maraden. "Soma chochote."

"Nisome nini, mwanangu? Jini mwenye kwao ukimfukuza hurudi kwao." Mzee alitema karafuu. "Huyu nimfukuzie wapi?"

Akaanza kutembea kuelekea mjini, pembeni mwa barabara, na walipompita hakuinua uso.

Njia nzima ya kurudi sauti haikusema mbele wala nyuma. Ilikuwa inalia. Walipofika nyumbani springi zikainuka zenyewe, kiti kikakauka, na Maraden hakungoja. Alichukua spana akaivunja beca pale pale uani, injini huku, magurudumu kule, kigari akakipasua kwa shoka, na muuza vyuma akavizoa vyote. Waliswali, wakachinja kuku, wakagawa chakula kwa majirani. Usiku ule Maraden alilala kama mtoto.

Sakafu ya jikoni ilianza kutoa jasho siku chache baadaye. Derhana alipangusa, ikalowa tena. Kisha saruji ikapasuka karibu na jiko na maji yakachuruzika, maangavu, baridi ya kuuma meno. Bibi Tiomina aliyachota kwa kiganja, akaonja, akaketi chini.

"Ni chemchemi," alisema.

Kutoka kwenye ufa wa ukuta ukachipua mche wa mkuyu, majani mawili. Maraden alileta panga, akalinyanyua. Mkono ukabaki juu. Derhana aliona jasho likimtoka mumewe kwapani, na mkono hauteremki. Mwishowe panga likaanguka nyuma yake, naye akapiga magoti kwenye maji akalia kwa sauti.

"Tuhame," alisema Derhana.

"Twende wapi?" aliuliza Maraden. "Tuna wapi sisi?"

Walihamishia jiko uani. Mwezi uliofuata maji yakaingia ukumbini, yakafika chumba cha bibi, wakaubeba mkeka wake. Mkuyu umeshapita dari. Ndani kuna kivuli sasa hata saa sita mchana, na sauti zinazoongea, zaidi ya moja, za majimaji, zinazocheka wakati mwingine kama watu waliokutana baada ya kutengana sana.

Jioni, kabla ya kuingia kulala katika chumba kimoja kilichobaki kikavu, familia ile husimama mlangoni pa nyumba yao wenyewe. Masniari, aliyeanza kusema juzi juzi tu, ndiye anayebisha kwa kiganja.

"Hodi," anasema.

Wanangoja. Siku nyingine huitikiwa, "Karibu." Siku nyingine haitikii mtu, na siku hizo hulala nje.