Chupa ya Maziwa ya Bi Elsi

Asubuhi katika nyumba ya Jaffar ilianza kabla ya jua. Jaffar alikunywa chai amesimama, akavaa koti lake zito, akawahi basi la kwenda Washwood Heath. Huko alifanya kazi katika kiwanda cha magari. Mkewe, Shemsa, alitoka baadaye kidogo. Yeye alikuwa akipanga pete na vidani ndani ya vikasha, katika karakana moja ya Hockley. Kabla ya kutoka aliacha chai kwenye chupa, na chakula cha mchana kimefunikwa vizuri.

"Mama, usiguse kitu," alisema kila siku. "Nikirudi nitaosha vyombo."

"Haya, mwanangu," alijibu Bi Mwanasiti.

Bi Mwanasiti ni mama yake Jaffar. Alikuja Birmingham, Uingereza, kutoka Unguja mwaka wa sabini na mbili, baada ya kufiwa na dada yake aliyekuwa akiishi naye. Huko nyumbani hakubakiwa na mtu wa kumtazama. Jaffar ni mtoto wake wa pekee, na aliapa kuwa mama yake hatapata tabu tena. Kwa hiyo mama hakufagia, hakupika, hakuosha hata kikombe.

Mimi simlaumu Jaffar. Ndivyo tulivyolelewa. Mama akishafika umri, hashiki ufagio. Akiushika, watu watasema mkamwana kamfanya mtumishi. Lakini hebu tujiulize, huyo mama akae afanye nini kutwa nzima?

Bi Mwanasiti alipata jibu lake. Alivuta kiti, akakiweka dirishani, akatazama mtaa.

Huko Unguja alijua habari zote za mtaani kwake. Nani kajifungua, nani ana homa, nani hajafungua mlango mpaka jua limepanda. Mlango usipofunguka, yeye ndiye wa kwanza kupiga hodi. Wengine walimwita mdaku, lakini walipougua walimtaka yeye.

Sasa alikuwa Shard End, pembeni mwa Birmingham, na mtaa ulikuwa kimya. Nyumba zilifanana, za matofali mekundu. Hata hivyo palikuwa na mengi ya kutazama. Mtu wa maziwa alipita alfajiri, akaacha chupa kwenye kila mlango. Ndege wadogo wenye vichwa vya buluu walikuja, wakatoboa vifuniko vyembamba vya chupa kwa midomo, wakanywa maziwa ya juu. Bi Mwanasiti alicheka peke yake. Nani kawafundisha wizi ndege hawa?

Nyumba ya mbele alikaa bibi wa Kiingereza, mzee kuliko yeye. Kila asubuhi bibi yule alichukua maziwa yake, kisha akapiga magoti na kusugua kizingiti cha mlango kwa brashi na maji ya sabuni. Hata siku ya baridi kali.

"Maskini," Bi Mwanasiti alimwambia Shemsa. "Hana mtoto hata mmoja wa kumsaidia. Na kile kizingiti kina uchafu gani kisichoisha?"

Jaffar aliyasikia hayo, akaona haya. "Mama, watu wa hapa hawapendi kuchunguliwa," alisema kwa upole. Siku ya mapumziko alikihamisha kiti. Akakiweka chumba cha nyuma, karibu na hita, juu ya zulia jipya. "Hapa utapata joto, mama."

Joto alilipata. Lakini dirisha la chumba kile lilitazama ukuta.

Baada ya hapo Bi Mwanasiti alianza kuacha chakula. Alilala mchana, usiku akakosa usingizi. Alisema kichwa kizito, magoti yanauma, moyo hauna raha. Daktari alimpima, akakuta magoti tu ndiyo yamechoka. Jioni moja alimshika Jaffar mkono.

"Nirudishe kwetu, mwanangu. Nikafie kwetu."

Jaffar hakulala vizuri tangu siku ile. Nani atamtunza mama huko? Na akimzuia hapa, si atamzika hapa hapa? Aliomba apewe muda. Kabla ya miezi minne kwisha, alisema, atakwenda kuuliza habari za tiketi ya ndege.

Daktari alikuwa ameagiza nesi wa mtaa awe anapita kuwaona wagonjwa wake wazee. Nesi huyo aliitwa Truphosa. Alitoka Kenya, upande wa Kakamega, na alikuwa na mdomo mwepesi wa kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unajua Kiswahili?"

"Najua, mama. Na wewe nyumbani ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mie? Sina kazi. Nilikuwa naangalia watu tu."

"Watu gani? Niambie."

Bi Mwanasiti akamwambia. Alianza taratibu, kisha akachangamka. Nesi alisahau hata kumpima presha. Mama alipomaliza, nesi aliwaita jikoni Jaffar na Shemsa, waliokuwa wamerudi kutoka kazini.

"Mama yenu magoti yanamuuma, hiyo ni kweli," alisema. "Lakini ugonjwa mwingine mmempa ninyi."

"Sisi?" Shemsa alishtuka. "Hatumfanyishi kazi hata moja."

"Ndiyo huo. Mtu mzee akikosa mwendo, misuli inalegea. Akikosa mtu wa kuongea naye, moyo unashuka. Na akiona hakuna anayemhitaji, hata chakula hakioni utamu. Mpeni kitu cha kufanya."

Kesho yake Shemsa alimpa mama nguo zilizokauka azikunje. Bi Mwanasiti alizikunja kwa furaha. Jioni alimwona Shemsa akizikunjua na kuzikunja upya, maana hazikukaa kama atakavyo. Siku ya pili mama hakuzigusa.

Nesi alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Dada, hiyo haikuwa kazi. Ulimpa mchezo wa mtoto. Mzee anajua tofauti. Mpe kitu ambacho asipokifanya yeye, kitabaki hakijafanywa."

"Kitu gani hicho?" Jaffar aliuliza. "Magoti hayamruhusu kusimama sana."

"Hata mimi sijui. Lakini tusianze na magoti, hayo yameshachoka. Tuanze na kilichobaki. Macho yake yakoje?"

"Mazima. Anaona mpaka sindano."

"Basi mrudishieni kiti chake dirishani."

Kiti kikarudi. Nesi alisimama nyuma yake, wote wawili wakatazama mtaa.

"Yule pale," alisema Bi Mwanasiti. "Maskini, hana mtu."

Nesi akacheka. "Bi Elsi? Namjua. Nyumba yao ya mjini ilibomolewa, akahamishiwa huku. Kule wanawake wote walisugua vizingiti vyao asubuhi, ndipo walipopata kupiga soga. Huku hakuna mwenzake, lakini hajaacha. Naye ananiuliza habari zako, mama. Anasema, 'Maskini yule mama wa dirishani, mbona hawamruhusu hata kufungua mlango?'"

Bi Mwanasiti aligeuka. "Ananihurumia mie?"

"Sana."

Ilimkera, nami naona ilimfaa. Asubuhi iliyofuata, Bi Elsi alipoinuka kutoka kizingitini, Bi Mwanasiti alifungua pazia lote na kupunga mkono. Bi Elsi alisita. Kisha akapunga na brashi yake, povu likamrukia usoni. Tangu hapo wakapungiana kila siku. Bi Mwanasiti akawa anaamka mapema, asije akachelewa. Akaanza kumaliza chai yake.

Lakini ya safari hakuyafuta. "Miezi inakwenda, Jaffar," alimkumbusha.

Ikaja asubuhi ya barafu. Jaffar na Shemsa walikwisha kwenda kazini. Bi Mwanasiti alikaa dirishani, akangoja. Mlango wa Bi Elsi haukufunguliwa. Chupa ya maziwa ilisimama pale pale. Ndege alitua, akatoboa kifuniko, akanywa, akaruka. Akaja mwengine.

"Huyu bibi hawaachii ndege maziwa yake," alijisemea.

Hakuwahi kuvuka barabara ile peke yake. Kiingereza hakukijua. Mlango aliambiwa asiufungue. Akavaa koti la zamani la Jaffar juu ya kanga zake, akashika ukuta, akatoka. Magoti yalimlilia kila hatua.

"Hodi," aliita mlangoni kwa Bi Elsi. "Hodi hapa."

Akainama kwenye tundu la mlangoni la kutilia barua, akaita tena. Ndani alisikia sauti ndogo. Basi alisimama katikati ya barabara na kupiga kelele kwa Kiswahili mpaka mtu wa posta akaja mbio. Bi Mwanasiti alimwonyesha chupa iliyotobolewa, akamwonyesha mlango, akamwonyesha sikio lake. Mtu wa posta alielewa. Alizunguka nyuma, akaingia kwa dirisha la jikoni, akamfungulia.

Bi Elsi alikuwa sakafuni. Alianguka usiku, nyonga ikavunjika, na mikono yake ilikuwa baridi kama bomba la maji. Mtu wa posta alikimbia kupiga simu. Bi Mwanasiti alijishusha chini polepole, akavua kanga moja, akamfunika. Bi Elsi alisema maneno. Bi Mwanasiti hakuyaelewa hata moja.

"Pole, bibi," alimjibu. "Nipo. Siondoki."

Akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa likafika.

Jioni nesi alikuja. "Angekaa vile mpaka mchana, baridi ingemuua," aliwaambia. "Mama, umeokoa mtu."

Bi Mwanasiti alilia. "Miye kutwa kuyalilia magoti," alisema. "Macho haya Mungu kaniachia mazima, na sikumshukuru hata siku moja."

Nesi hakuliacha jambo hapo. Aliwazungukia wazee wote wa mtaa ule wanaoishi peke yao. Wakakubaliana: kila asubuhi fungua pazia na ingiza maziwa. Asiyefanya hivyo atapigiwa hodi. Na wa kutazama alijulikana, maana nani mwingine angekaa dirishani saa zile? Jirani mwenye simu aliahidi kuja mara akiona Bi Mwanasiti anapunga kitambaa chekundu.

Sasa Shemsa anapoleta chai haulizi magoti. Anauliza, "Mama, mtaa umeamkaje?" Naye anajibiwa kwa urefu, mpaka karibu akose basi.

Bi Elsi alirudi kutoka hospitali na fimbo. Kusugua kizingiti hakuweza tena. Mara kwa mara Bi Mwanasiti huvuka na biskuti, wakanywa chai, kila mmoja akizungumza lugha yake.

Ile miezi minne ilitimia. Jumamosi asubuhi Jaffar alivaa koti, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake. Uso ulimshuka.

"Mama, ndiyo nakwenda kuuliza habari za ndege."

"Ngoja kwanza," alisema Bi Mwanasiti. Hakugeuka. "Bi Elsi hajaingiza maziwa."

Jaffar akangoja. Wote wawili walitazama ile chupa. Ndege alitua juu ya ukuta wa bustani. Hatimaye mlango ulifunguka, fimbo ikatangulia. Bi Elsi aliinama kwa shida, akachukua chupa yake, akapunga.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanasiti, naye akapunga. Kisha akamgeukia mwanawe. "Haya, ulikuwa ukisema nini?"

Jaffar alivua koti, akalitundika. "Sikuwa nasema kitu, mama."

"Basi niletee chai. Nyumba ya pembeni bado pazia halijafunguka."