Katuni za Nyuma ya Pagale

Mwezi wa saba mtaa wa Olasiti huamka na baridi. Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, Aika alifagia uwanja, akachemsha chai ya rangi na kumpa mama yake kikombe kabla hajatoka kwenda sokoni kuuza ndizi. Mama alikunywa amesimama mlangoni. Mlima Meru haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika mpaka chini.

"Ukitoka shule usisahau kupita kwa Brightness," mama alisema.

"Sitasahau, mama."

Maneno yao ya asubuhi yaliishia hapo. Baba yake Aika, mzee Elinami, alifariki mwanzoni mwa mwaka baada ya kuugua muda mrefu, na tangu siku ile mama alikuwa kama mtu aliyesahau kuzungumza. Alipika, alifua, alikwenda sokoni, akarudi. Jioni walikula wakitazama sahani zao.

Brightness alikuwa rafiki wa Aika tangu chekechea, na sasa walikuwa darasa la sita. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa na ambao hauelewani kabisa na baridi. Mwaka huu baridi ilikuwa kali, naye akawa analala nyumbani siku nyingi kuliko alizofika shuleni. Mama yake alifanya kazi katika shamba la maua Usa River. Alikuwa amekosa kazi mara nyingi kwa ajili ya kumuuguza, mpaka msimamizi akamwambia kwamba akikosa tena asirudi. Ndipo akamwita Aika.

"Mwanangu, nisaidie," alimwambia. "Ukitoka shule kaa naye mpaka nirudi. Hakikisha anakunywa maji na amejifunika vizuri. Akipata homa, au akilalamika kichwa, nipigie simu palepale. Utaweza?"

"Nitaweza, mama," Aika alijibu, na siku hiyo alimaanisha.

Siku za mwanzo alikaa kweli. Walicheza karata, walisoma pamoja, walicheka. Lakini maumivu yalipozidi, Brightness aliacha kucheka. Alilala amegeukia ukuta, akiuma ncha ya blanketi ili asipige kelele. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na jasho la mgonjwa, na pazia lilikuwa halifunguliwi. Aika alipovuta hewa ile, moyo wake ulienda mbio. Ndivyo kilivyonuka chumba cha baba yake miezi ile ya mwisho. Hakumwambia mtu yeyote jambo hilo. Angemwambia nani? Mama mwenyewe hakuwa akimtaja baba.

Baba alikuwa ameacha simu, na mama alimpa Aika aitumie kwa masomo. Karibu na shule palikuwa na kibanda cha kijana aitwaye Stanley, aliyekuwa akijazia watu nyimbo na filamu kwenye simu. Siku moja Aika alimwomba katuni yoyote, akatarajia za kupigana kama wanazopenda wavulana. Stanley alimwekea nyingine.

"Hii ni ya Kijapani," alisema. "Haina vita, haina mazimwi. Dada yangu huwa anaitazama akitaka kutuliza kichwa."

Ilihusu wasichana wanne wanaosoma shule moja kwenye mji mdogo wenye mto. Hakuna kikubwa kilichotokea. Walitembea pamoja kurudi nyumbani, walikunywa chai, mmoja alijifunza kuoka keki ikaungua, wakaila hivyohivyo. Mwingine alikuwa na aibu kiasi cha kushindwa kunyoosha mkono darasani. Wenzake wakamtia moyo taratibu, mpaka siku moja akaunyoosha. Aika hakuelewa Kijapani, na maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini aliyaelewa nusunusu. Hakujali. Mvua ya kule ilinyesha polepole, muziki ulikuwa laini, na katika nyumba zile hakuna aliyeugua wala kufa. Akiitazama, kifua chake kililegea. Tangu msiba hapakuwa na kitu kingine kilichomfanya ajisikie hivyo.

Nyuma ya nyumba ya kina Brightness kulikuwa na pagale, nyumba ambayo mwenyewe aliijenga mpaka kwenye linta, juu ya milango na madirisha, akaiacha. Mwanzo Aika alikaa nyuma ya kuta zake kidogo tu, atazame kipande kimoja kabla ya kuingia kwa rafiki yake. Baadaye vikawa viwili. Mwisho ikawa anakaa juu ya tofali mpaka jua linakaribia kuzama, ndipo anakimbia kuchungulia chumbani.

"Umekunywa maji?"

"Kidogo. Aika, kaa basi. Leo sijaongea na mtu."

"Nina kazi nyingi za shule. Kesho nitakaa."

Na mama yake Brightness aliporudi na kuuliza, Aika alijibu bila kupepesa macho, "Nilikuwa naye tangu nilipotoka shule." Mama yule alimshika kichwani na kusema, "Mungu akubariki, mwanangu." Mara ya kwanza baraka ile ilimchoma. Baadaye akaizoea.

Siku hiyo mama aliyomkumbusha kupita kwa Brightness, alipotoka shule alikwenda moja kwa moja pagaleni. Kwenye simu, yule msichana mwenye aibu alikuwa na mafua, na wenzake watatu walikuwa wanampelekea supu, wakipigana vikumbo mlangoni nani aingie kwanza. Aika alitabasamu huku machozi yakimlengalenga. Mara picha ikakatika na simu ikaita. Alikuwa mama yake Brightness.

"Aika, mwenzako anaendeleaje? Asubuhi nilimwacha amechokachoka. Huku tuna mzigo wa maua unaotakiwa uondoke leo, wanataka tubaki. Kama hayuko vizuri, nawaambia siwezi, naja sasa hivi."

Chumba kilikuwa hapohapo, nyuma ya ukuta wa tofali. Aika angeweza kuinuka na kuchungulia.

"Yuko vizuri, mama," alisema. "Amelala. Mimi niko hapa pembeni yake."

"Haya. Basi nitachelewa kidogo. Asante, mwanangu."

Aika akairudisha katuni mwanzo wa supu.

Alipoingia ndani baadaye, kitanda kilikuwa kitupu. Brightness alikuwa chini sakafuni, blanketi limemzonga miguuni, jagi la maji limepinduka kando yake. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Alimwona Aika, akajaribu kusema, na sauti iliyotoka haikuwa maneno. Mkono wake wa kushoto ulilala kama si wake.

Aika alipiga yowe. Jirani yao, mzee Fanuel, alikuja mbio akamwinua Brightness mikononi, akampakia kwenye gari lake. Walimpigia mama yake njiani. Wakakutana naye mlangoni mwa hospitali, bado amevaa aproni ya kazini.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka. "Inaonekana ni kiharusi," alisema. "Kwa wenye selimundu hutokea hata kwa watoto. Nahitaji kujua kimeanza lini. Nani alimwona mara ya mwisho akiwa sawa?"

"Alasiri alikuwa sawa," mama alisema akitweta. "Nilipiga simu. Huyu alikuwa naye, akaniambia amelala vizuri."

Daktari akaandika. "Kwa hiyo ni baada ya alasiri."

Wote walimtazama Aika. Mzee Fanuel alimpigapiga begani kama mtoto aliyefanya jambo jema. Aika alijua kwamba angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe. Brightness hakuwa na uwezo wa kusema. Lakini kalamu ya daktari ilikuwa inaandika uongo wake, na dawa ingefuata uongo huo.

"Si kweli," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikabidi arudie. "Si kweli, daktari. Sikumwona alasiri. Leo sikumwona kabisa mpaka nilipomkuta chini."

Daktari alifuta alichoandika. "Mama, na wewe asubuhi ulimwachaje?"

"Alikuwa anasema kichwa kinamgonga," mama alijibu taratibu, macho yake hayatoki kwa Aika.

"Basi huenda kimeanza mapema sana. Sista, damu iandaliwe sasa hivi!" Daktari akaondoka haraka.

Mama yake Brightness aliuliza neno moja tu. "Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pagale. Nilikuwa natazama katuni."

Mama yule hakumpiga wala hakumtukana. Aligeuka akaegemeza paji la uso ukutani, mabega yake yakaanza kutikisika. Aika angeona heri kupigwa.

Brightness hakufa. Aliongezewa damu, akalala hospitali kwa majuma, akarudi nyumbani anatembea kwa kuburuta mguu, na vidole vya mkono wa kushoto vimejikunja. Maneno yalimtoka polepole. Daktari alisema kwamba kwa mazoezi atapata nafuu kubwa, ila hakuahidi kwamba mkono utarudi ulivyokuwa.

Mama yake Aika aliposikia yote, alimwambia binti yake amwonyeshe hiyo katuni. Wakakaa kitandani, wakaitazama pamoja mpaka mwisho.

"Inapendeza," mama alisema. "Haina kosa. Mimi nami ningependa kuhamia huko." Kisha akauliza, "Ulikuwa unaogopa kile chumba kwa sababu ya baba?"

Aika aliitikia kwa kichwa. Mama akamvuta kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wakamlilia baba pamoja.

Rafiki yake aliporudi nyumbani kutoka hospitali, walikwenda kuomba radhi. Brightness alimsikiliza Aika mpaka akamaliza.

"Ni-na ha-sira na wewe," alisema.

"Najua."

"I-taka-pokwisha, ni-ta-kuambia."

Hata hivyo hakumfukuza. Aika akawa anakuja kumsaidia mazoezi: kuvikunjua vidole kimoja kimoja, kubana sponji, kuachia. Chumba bado kilinuka dawa. Moyo wake bado ulienda mbio, lakini alibaki.

Jioni moja mama yake Brightness alirudi kutoka Usa River, akawakuta. Tangu hospitali hakuwa amemsemesha Aika zaidi ya kuitikia shikamoo yake. Sasa alivuta kigoda, akaketi.

"Aika, nataka nikuambie kitu ukishike. Hukukosea kuogopa. Hukukosea kupenda katuni; mtoto anahitaji mahali pa kupumzisha moyo. Ungeniambia, 'Mama, siwezi, naogopa,' ningeumia kidogo, nikamtafuta mtu mwingine. Pale shambani mimi nilikuwa naona kwa macho yako. Uliponidanganya, ulinipofusha. Na rafiki wa kweli ni yule anayesema ukweli hata pale unapomwaibisha, kama ulivyosema mbele ya daktari. Ungeusema mapema, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Naendelea kukusamehe. Inachukua muda." Alimtazama. "Kesho utakuja?"

Ulimi wa Aika ulitaka kusema ndiyo. Akajizuia, akafikiri.

"Kesho siwezi, mama. Nimeahidi kumsaidia mama yangu sokoni. Nitakuja keshokutwa."

Mama yule akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa," alisema. "Nimekusikia. Kesho nitamwomba jirani."